Udi wa Shangazi ulivyoua kompyuta, na nilivyofukua license key kwenye hard disk yake

Wakuu salaam, na waliotangulia kuzaliwa shikamooni.

Haya yamenitokea mwenyewe hapa Tanga, Usagara. Sijatia chumvi. Ningetaka kutia, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii mtakayoiona.

Mimi ni karani wa ofisi ya kutoa mizigo kule mpakani Horohoro. Kazi yangu ni kujaza fomu. Lakini mwaka juzi nilichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya madrasa, na tangu siku hiyo ukoo mzima unaniita Mtaalamu.

Simu ikigoma, Mtaalamu. King'amuzi kikipoteza chaneli, Mtaalamu. Friji ya mama mdogo isipogandisha, eti Mtaalamu yuko wapi?

Sikuwahi kukanusha. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Sasa nina shangazi yangu, Bi Mwanaisha. Anadarizi kanzu na kofia kwa mashine ya umeme inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta. Program ya michoro ndiyo roho ya duka. Bila hiyo, mashine ni meza nzito tu.

Program aliinunua marehemu mumewe, Mzee Nassoro, kwa wakala mmoja Mombasa, kihalali, na CD yake kwenye boksi. Nalisema hili mapema kwa ajili ya wale wa "mkuu si upakue crack". Mzee alihiji. Hakutaka crack.

Na ile kompyuta alikuwa anaionea wivu kupita kiasi. "Mashine yangu hiyo, ondoa mkono!" Basi Shangazi alijifunza kazi yote kwa kuchungulia begani kwake. Mzee alipofariki, miaka mitatu sasa, Shangazi alimaliza eda, akaenda akakaa kwenye kile kiti cha Mzee, akaendelea kudarizi. Hakuomba msaada wa mtu.

Mwezi uliopita kompyuta ikagoma kuwaka.

Mwanawe Hemedi, yuko Dar, aliposikia tu akapiga simu. "Mama, hiyo ni ishara. Tuuze mashine, uje Dar ukae na wajukuu." Baada ya siku mbili keshapata mnunuzi, anakuja Jumapili kuitazama. Ajabu, mtoto huyu kumtumia mama yake vocha humchukua wiki tatu.

Shangazi Dar haitaki. Wajukuu anawapenda sana, kwa muda wa wiki moja. Aliniita Ijumaa jioni nimetoka kazini, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, halafu akasema: "Baba, mimi nikikaa bure kwenye ghorofa la watu, nitakufa. Nifanyie uwezavyo."

Hapo nikaogopa kweli, wakuu. Printa ya madrasa haikuwa na maneno mazito namna hii.

Kumbe kabla yangu kulikuwa na fundi. Nilimkuta palepale dukani, ana flash mkononi. Kompyuta haiwaki hata taa, lakini yeye alishatoa hukumu: "Window imekufa, mama. Napiga mpya. Vitu vitafutika, ila itakuwa nyepesi."

Nyepesi! Mgonjwa hapumui, daktari anataka kumnyoa nywele.

Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani. Maana license key, ile namba ya kuifungulia program, ilikuwa humohumo kwenye hard disk, na kwingine kote ilishapotea. Kwenye boksi la CD ilikuwepo karatasi yenye namba, lakini boksi lilikaa droo moja ya kabati na chupa ya marashi ya mawaridi. Chupa ikavuja. Namba zilizobaki ni nne, ila zinanukia vizuri sana.

Nikawaandikia wenye program. Wakajibu upesi: toleo lenu tumeshaliacha, nunueni jipya, la kulipia kila mwezi. Wakanitakia siku njema. Niliguswa.

Basi Jumamosi asubuhi nikafungua boksi la kompyuta.

Wakuu, nimeona vumbi maishani. Hili halikuwa vumbi. Ulikuwa utando mweusi wenye mafuta, umeganda kwenye feni mpaka haizunguki, umepanda kwenye motherboard yote, ule ubao mkuu wa ndani. Na boksi zima linanukia kama chumba cha bi harusi.

Nikauliza, "Shangazi, hii harufu vipi?"

"Udi," akasema, kana kwamba nimeuliza jua ni nini.

Kila Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, Shangazi hufukiza duka. Hilo si geni, nani hapa mjini hafukizi? Ila yeye chetezo alikuwa anakiweka chini ya meza, kimegusana na kompyuta.

"Yapenda udi hiyo," akanieleza. "Nikiweka tu, yavuta moshi wote ndani. Nikawa naiwekea karibu isipate tabu."

Ni feni, wakuu. Feni ilikuwa inavuta. Miaka mitatu kompyuta imevutishwa udi kila wiki, tena udi mzuri, mpaka ikakata roho ikiwa na heshima zake zote.

Nilitaka kucheka. Nikamwona anakitazama kile kiti. "Ni pembe yake ile," akasema. "Sikutaka inuke upweke."

Sikucheka.

Haya, sasa kazi. Motherboard imekufa lakini hard disk ni kitu kingine, hukaa peke yake, na ile ilikuwa imefunikwa vizuri. Nikafungua skrubu nne. Moja ikaanguka, mpaka leo hatujaonana. Nikachomeka hard disk kwenye laptop yangu kwa waya niliouazima kazini.

Kitu cha kwanza laptop ilichoniambia: diski hii inabidi ifomatiwe, tuendelee?

Yaani hata laptop yangu imesoma chuo kimoja na yule fundi. Nikabonyeza hapana, nikaangalia tena. Kumbe kile kilikuwa kipande kidogo tu cha diski. Kipande chenye mafaili kilikuwa pembeni, kizima.

Kwa watakaohitaji: program nyingi za zamani huandika key kwenye registry, yaani daftari la kumbukumbu la Windows. Kompyuta ikifa, registry haifi, inabaki kwenye hard disk kama faili. Unaingia folda ya Windows, System32, config, unakopi faili linaloitwa SOFTWARE, halafu unalifungua kwenye regedit ya laptop nzima kwa kutumia Load Hive. Ukishalipa jina, unatafuta humo jina la program yako.

Rahisi. Mimi ilinichukua saa moja na nusu, kwa sababu Mtaalamu alikuwa anatafuta kwenye registry ya laptop yake mwenyewe. Nilikaribia kutangaza ushindi kwa key ya antivirus yangu, tena iliyokwisha muda.

Nikaswali adhuhuri, nikarudi, nikafungua mahali panapostahili. Key hii hapa. Herufi ishirini na tano. Nikapiga kelele, Shangazi akapiga kigelegele, jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Setup nayo ilikuwepo kwenye hard disk, nikaiweka kwenye laptop. Ikaomba jina la mmiliki na key. Nikaandika Nassoro, nikaweka key.

Ikakataa. Jina na key haviendani. Umebakiza mara nne.

Nikaandika Nassor. Ikakataa.

"Tia Alhaji," Shangazi akashauri. "Tangu arudi Makka, ukimwita bila Alhaji haitiki."

Alhaji Nassoro. Ikakataa. Nikatia jina la duka. Ikakataa. Imebaki mara moja, na Hemedi anapiga simu kuuliza mnunuzi aje saa ngapi kesho. Shangazi hakupokea. Alikuwa amekaa, mtandio kaukunja mikononi, ananitazama mimi.

Nikarudi kwenye registry, safari hii nikasoma kama mtu mzima. Mstari mmoja tu chini ya key ulikuwepo mwingine, na mimi kwa kiherehere cha ushindi sikuuona. Jina la mmiliki.

MWANAISHA BINTI ATHUMANI.

Nikaigeuza laptop asome mwenyewe. Akavaa miwani. Akasoma, akarudia.

"Ni mimi huyu?"

"Ni wewe, Shangazi. Toka siku ya kwanza."

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Mwongo mkubwa yule mwanamume! Miaka yote aniambia niondoe mkono!"

Nikaandika jina lake, nikaweka key. Ikakubali. Michoro yote ya Mzee ikajipanga kwenye kioo, na mimi nikajifanya nafuta laptop ili nisionekane macho.

Simu ikaita tena. Safari hii akapokea.

"Hemedi, mwambie mtu wako asijisumbue. Mashine ina mwenyewe." Akasikiliza. "Si ya baba yako. Ni yangu, imeandikwa. Haya, wabusu wajukuu."

Akakata, akaenda moja kwa moja kwenye chetezo.

Niliikumbatia ile laptop wakuu, kama mtu anayeokoa mtoto kwenye moto. Tumeafikiana chetezo kikae mlangoni. Kwa sasa.

Nilichojifunza: kompyuta ikigoma, anayeanza na kuformat mfukuze kwa adabu. Key yako iandike kwenye daftari, mbali na marashi. Feni isafishwe. Na ukipata key, soma na mstari wa chini yake, usije ukakimbilia kushangilia kama mimi.

Wenye maswali ya Load Hive ulizeni, nitajibu. Ila friji jamani, friji siziwezi, na naomba mnisaidie kumweleza mama mdogo.