Kinywa Kikavu

Jumapili iliyopita, kabla ya misa, nilipita Kamalondo, mtaa niliokulia, kuchukua kitu kimoja tu katika nyumba ya bibi yangu, ambaye sisi wote tulimwita kambo. Kitu chenyewe ni kikombe chake cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, kilichobanduka rangi pale alipozoea kuweka kidole gumba. Kambo amekufa, wajomba wameuza nyumba, na aliyenunua anataka kufungua baa. Amekwisha kumwaga sementi ua mzima, kutoka mlangoni hadi ukuta wa choo. Nilisimama pale nikitafuta kwa macho kona moja ambayo haipo tena. Wewe unanijua, rafiki yangu, mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Ua ule ulikuwa dunia yetu. Asubuhi ilianza na ufagio wa kambo, halafu honi ya treni upande wa stesheni, halafu moshi wa babula, lile jiko letu la makaa, ambalo lilikuwa halitaki kuwaka mpaka utoke machozi. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Alikwenda Kasenga kwa wavuvi akakaa huko wiki mbili, tatu, akarudi na magunia yaliyonukisha nyumba nzima, hata madaftari yangu ya shule. Baba alikuwa kazini Kolwezi, mbali, tukimwona Noeli tu. Kwa hiyo aliyetulea ni kambo, mwanamke aliyetoka kaskazini akiwa na sanduku la chuma na rozari, mjane wa mfanyakazi wa reli. Mchana ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, jioni kinywaji cha munkoyo kama mahindi yalibaki. Na vumbi jekundu kila mahali, hasa mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapobana na mvua inajivuta kama mgeni asiyetaka kuja.

Dini ya kambo haikuwa na mchezo. Jumapili hakutia kitu mdomoni tangu usiku wa manane, hata tone la maji, mpaka apokee komunyo. Padri alikwisha kumwambia zaidi ya mara moja kwamba sheria ile ililegezwa zamani, saa moja inatosha. Kambo alimsikiliza kwa heshima zote, akarudi nyumbani akasema, "Ile ni ya bavivu." Kisha akatuambia neno lake, lile alilotuambia kila Jumapili akifunga kitambaa kichwani: "Mungu anaingiaka mu kinywa yenye kukauka." Sisi tulicheka kwa siri tukimwona njiani anavyolamba midomo. Hatukujua kwamba mmoja wetu hakuwa anacheka sana.

Huyo mmoja ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, macho ya manjano kidogo, na ulimi mkali kuliko wangu. Alikuwa na ugonjwa wa damu ambao kwetu watu wanauita SS tu, kama jina la ukoo. Maumivu yalimshika kwenye mifupa, usiku na mchana, akauma shuka asiamshe watu. Muuguzi alikuwa ametufundisha: mtoto huyu asipate baridi, asichoke, na anywe maji mengi kila siku, hata kama hana kiu. Kazi ya kujaza chupa zake mbili kila asubuhi ilikuwa yangu. Nilizijaza bombani kabla ya kwenda shule, nikaziweka juu ya kiti karibu na kitanda chake. Nikirudi, zilikuwa tupu, na kambo alifurahi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa pili wa sekondari, na ndipo nilipokutana na mwalimu wa biolojia. Alikuwa mtu wa shati moja jeupe lililogeuzwa kola, na Jumapili ndiye aliyesoma somo la kwanza kanisani. Siku aliyotufundisha kwamba viumbe hubadilika polepole, kizazi baada ya kizazi, na kwamba sisi na nyani tuna babu mmoja wa zamani sana, darasa lilipiga kelele. Msichana mmoja nyuma akasema, "Prof, ni weye njo mutoto ya nyani, haina siye!" Yeye ndiye, si sisi. Tulicheka, naye akacheka. Lakini wiki iliyofuata alichora ubaoni duara, na kando yake mundu, akasema hizi ni damu mbili. Akaeleza kwamba mahali penye mbu wengi, mtu mwenye nusu ya damu ya mundu haelekei kufa kwa malaria, kwa hiyo anakua, anazaa, na damu ile inabaki. Ila mtoto akirithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, damu hiyohiyo inamuua.

Alikuwa anafundisha. Hakujua kwamba amemchora mdogo wangu ubaoni. Mimi malaria ilikuwa inanishika siku mbili tu nikaenda kuruka kamba, na kambo alisema ni malaika wangu mlinzi. Sasa niliona malaika huyo ni nani: nusu ya damu ileile.

Nilimngoja njiani baada ya masomo, akisukuma baiskeli yake. Nikamuuliza, "Prof, basi ni Mungu njo alipanga mudogo yangu aumie?"

"Damu haina macho, mama," alisema. "Haichaguake muntu."

"Na Mungu, yeye iko na macho?"

Alifuta chaki mikononi muda mrefu, ingawa mikono ilikuwa safi. "Miye naamini Mungu. Na ile yenye niliandika ku tablo, naiamini pia. Siku ingine bile biwili binagombana mu kichwa yangu. Ku misa nakwenda vile vile."

Leo naona kwamba sikupata kusikia jibu la kweli zaidi ya hilo. Lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu hataki kweli, anataka kujua nani mwenye kosa. Nilikwenda nyumbani nimekasirika. Nilisali rozari na kambo kwa midomo tu, na katikati ya Salamu Maria nilikuwa namwambia Mungu: kama upo, nionyeshe. Nilirudia hivyo kila jioni. Nilikuwa namtega, kama unavyomtega panya.

Katika wiki hiyohiyo nilirudi kutoka shule mapema, nikamkuta mdogo wangu kwenye kona ya ukuta wa choo. Alikuwa amechuchumaa, anamwaga chupa yake chini, taratibu, ili isitoe sauti. Ardhi ya ua ilikuwa kavu kama kigae. Aliponiona hakushtuka hata kidogo.

"Yaya, usiseme," aliniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Iko novena yangu. Siku tisa tu. Leo ni ya tatu."

"Novena ya namna gani hiyo?"

"Kambo anasemaka Mungu anaingiaka mu kinywa yenye kukauka. Miye kila siku nakunywa, nakunywa. Ataingia wapi? Nikimaliza siku tisa atabadirisha damu yangu." Kisha akanitazama na ulimi wake ule mkali. "Ao weye haumuamini tena?"

Kumbe alikuwa ametambua kwamba rozari nasali kwa midomo tu. Nilijua alichosema muuguzi. Nilijua pia alichochora mwalimu, jinsi chembe zile za mundu zinavyokwama katika mishipa, na jinsi zinavyokwama zaidi mwili ukikosa maji. Kambo alikuwa chumbani, hatua kumi kutoka pale, anachambua maharagwe. Nilichopaswa kufanya ni kuita.

Sikuita. Nikuambie kwa nini, kwa maana sijamwambia mtu mwingine yeyote. Si kwamba niliogopa, wala si kwamba nilimhurumia. Nilitaka kuona. Nilikuwa nimemwomba Mungu ishara, na sasa ishara ilikuwa imechuchumaa mbele yangu na chupa mkononi. Akipona, basi yupo. Asipopona, basi mwalimu ndiye mwenye kweli na kambo anaongea na ukuta. Mdogo wangu ndiye niliyemweka katikati.

Kwa hiyo kila asubuhi nikaendelea kujaza chupa, na kila mchana akaendelea kuzimwaga. Alikuwa anakunywa funda moja jioni, mbele ya kambo, na wakati wa kula alichovya bukari kwenye mchuzi kidogo sana. Joto lilikuwa la kuchoma miguu. Midomo yake ikapasuka, naye akaipaka mafuta ya mawese ing'ae. Siku ya tano alinionyesha mikono akasema haijamuuma hata mara moja, na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilianza kuamini. Usiku huo nilisali rozari kwa sauti mpaka kambo akageuka kunitazama.

Siku ya saba maumivu yalimshika kifuani. Majirani walisaidia kumbeba hadi hospitali. Daktari alimpima, akamgeukia kambo akauliza kama mtoto anakunywa maji.

"Chupa mbili kila siku," kambo alisema. "Yaya yake njo anajazaka." Akanigeukia nithibitishe.

Nikasema ndiyo.

Lile la kona nimelibeba, lakini ile "ndiyo" ya hospitali ni nzito zaidi. Wakamtundikia dripu, wakafanya kazi yao usiku kucha, na huenda hata ningesema kweli wasingeweza zaidi. Huenda. Mdogo wangu alikufa siku ya tisa, asubuhi, kama alivyokuwa amehesabu. Mama alifika kutoka Kasenga kesho yake, bado ananuka samaki, akaketi chini langoni akashindwa kuingia.

Kilioni walijaa watu wa mtaa mzima, mikeka imetandikwa ua wote. Jirani yetu, mama mmoja wa kikundi cha sala, alimshika kambo mabega akamwambia kile kinachosemwa kila mahali: "Mungu njo alipenda, mama." Kambo alikuwa anatazama kando, kwenye ukuta wa choo. Baadaye akainuka, akaenda pole pole akapiga magoti pale. Katika ua ule mkavu ambamo hata majani ya mwitu yalikuwa yamekufa, kona ile ilikuwa imeota lenga-lenga, yaani mchicha wetu, miche midogo mingi yenye majani mekundu chini. Mvua haikuwa imenyesha bado. Kambo aling'oa mche mmoja, akabonyeza udongo kwa kidole. Ukaacha alama, maana ulikuwa na unyevu. Kisha akainua macho akanitafuta katikati ya watu, na akanipata.

Hakuniuliza kitu. Si siku ile, wala miaka yote iliyofuata. Ile miche ilikua ikafika kiunoni, na kambo, mwanamke ambaye hakutupa hata ganda la muhogo, hakuichuma. Aliiacha ikatoa mbegu ikakauka ikaanguka yenyewe.

Jumapili ya kwanza baada ya kuzika alivaa kama kawaida, akafunga kitambaa. Halafu akatoka uani na kikombe chake cha bati, akakijaza bombani, akanywa maji yote amesimama, mbele yangu, bila kupumzika. Maji mengine yalimtiririka shingoni. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini na hakuwahi kufanya hivyo. Tukaenda misa, na komunyo hakupokea. Alikaa kwenye benchi na mikono mapajani. Tangu siku hiyo alikunywa kila Jumapili, na neno lile la kinywa hakulisema tena. Ilichukua miaka mingi nielewe kwamba mimi nilikuwa nadhani ananihukumu, kumbe alikuwa anajihukumu mwenyewe. Tulikaa nyumba moja, watu wawili wenye kosa moja, na kila mmoja akadhani ni lake peke yake.

Mimi leo nafundisha biolojia. Nachora duara, nachora mundu, na kila mwaka kuna mtoto anayeuliza kama prof anaamini Mungu. Nasema naamini. Yale mamilioni ya miaka hayakuninyang'anya Mungu, wala babu wa nyani. Mfinyanzi anayefinyanga polepole bado ni mfinyanzi. Hata damu ile nimejaribu kuielewa, kwamba ilitunza wengi tusife. Kinachonikaba ni kingine: kwamba Mungu alituachia kikombe mikononi, na hakushika mkono wangu. Wakisema kilioni kwamba Mungu amependa, natoka nje. Mwanamume niliyempenda nilimwacha baada ya vipimo kuonyesha kwamba naye ana nusu. Alilia, akasema nimwachie Mungu. Nilimjibu kwamba nilishawahi kumwachia.

Kambo alipokuwa anakufa nililala karibu naye siku nyingi, nikimlowesha midomo kwa kijiko. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Aliondoka asubuhi moja nikiwa nachemsha maji.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilikuwa nimesimama juu ya sementi, na kona ilikuwa sementi kama pengine pote. Mlinzi wa vifaa vya ujenzi, kijana mwenye adabu, aliniona nimeshika kikombe akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

"Mayi," nilimwambia.

Bomba lilikuwa bado linatoa. Nikakijaza mpaka ukingo, kidole gumba pale palipobanduka, nikanywa yote nimesimama. Kisha nikaenda misa.