Goti Lililotua kwa Adabu

Sogea, nikusimulie habari ya goti la dada yangu. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, dada alikuwa mdakaji hodari wa timu ya netiboli kijijini kwetu, karibu na Kigwa. Jioni moja aliruka, akadaka mpira, akatua, goti likalia "kwa!" Akakaa chini.

"Wasichana mna magoti ya ugali," kaka akatania.

"Ugali wenyewe nakupikia mimi," dada akajibu huku analia. Aliogopa hatacheza tena.

Shangazi, aliyetufundisha mchezo, akamwambia apumzike mpaka uvimbe uishe. Kisha akatuambia mimi na kaka turuke kutoka kwenye kinu kilichopinduliwa. Kaka alitua amechuchumaa kidogo. Mimi, msichana kama dada, nilitua wima, magoti yakagongana.

Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Ninyi wasichana tumewafunza kubana magoti tangu mnatambaa. Sasa hata hewani mna adabu!"

Baadaye nilijifunza kwamba malezi si sababu pekee. Nyonga za wanawake wengi ni pana, na goti huelekea kuingia ndani likitua. Ndipo kano, ule ukamba unaoshikilia mifupa, huweza kuvutika mno na kuchanika.

Msimu wa tumbaku uliofuata, dada alirudi uwanjani, akitua kama Shangazi alivyomfundisha upya. Nawe ukiruka, unapotua tanguliza vidole vya miguu, kunja magoti, uyaelekeze mbele, na usiyaache yakutane.