Mawe ya Ipogolo

Nilifika Uyole nikiwa na rangi ya barabara. Nilidandia lori la tumbaku Tabora, tukapita Sikonge na Rungwa, mchana vumbi, usiku vumbi lenye baridi, hadi Chunya, ambako wachimbaji wa dhahabu walipanda na kutukalia miguu. Nilikuwa nimevuka arobaini, nina cheti cha kidato cha nne, mkoba mmoja, na nia ya kwenda Tunduma kuona mpaka unafananaje. Lakini tulipoteremka Mbeya lori lilikuwa linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi, na dereva akaliingiza gereji pale Uyole. Nikasema nitasubiri litengenezwe. Nilisubiri mpaka nikapewa ovaroli.

Fundi mkuu alikuwa mzee mpole, mchokozi, mwenye masharti mawili. La kwanza lilikuwa shuka jeupe. Kabla ya kufunga injini alilitandika mezani, na kila kipande kilichooshwa kililazwa juu yake. Kikiacha alama, kinarudi kwenye beseni la dizeli. Gereji za jirani zilifunga injini asubuhi na jioni ikaondoka ikiimba. Zetu zilikaa siku nyingi, hata majirani wakatuita wodi ya wazazi. "Mama na mtoto wanaendeleaje?" waliuliza wakipita.

Sharti la pili: aliyefunga injini lazima apande lile lori, likiwa na mzigo, mpaka lipande mlima linaouogopa. Likizima huko mlimani, fundi hatumi spana wala pole. Anakutuma wewe.

Siku moja ikaja Fuso iliyovutwa kwa mnyororo, na nyuma yake akashuka mama mmoja wa Madibira, mkulima na mfanyabiashara wa mpunga, kitenge kimefungwa juu ya sweta.

"Mgonjwa ana shida gani, mama?" fundi akauliza.

"Hana shida, ana aibu. Ananiaibisha Ipogolo."

Akaeleza. Alikuwa akipakia mchele Madibira kupeleka Iringa. Kutoka Ipogolo kupanda mjini, injini ilikuwa inaishiwa nguvu katikati ya mlima. Vijana wa pale walishaijua. Wakiiona inakuja, wanaokota mawe ya kuweka nyuma ya matairi, kisha wanadai mchele kwa sado, yale makopo ya kupimia.

"Wamenenepa kwa mchele wangu," alisema. "Na injini imefanyiwa ovahoo, ikafunguliwa yote na kufungwa upya, mwaka jana tu! Sasa wanangu wameshaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Ikizima pale tena, inakatwa. Mimi nikae nyumbani nibembeleze wajukuu."

Hapo hakucheka. Lile lori alilinunua mwenyewe baada ya kufiwa na mumewe, na alikuwa halilii lori tu.

Fundi akanigeukia. "Hii utaifunga wewe."

"Kwa nini mimi, mzee?"

"Kwa sababu umeanza tena kuwauliza madereva wanatoka wapi, kama askari wa mizani. Nataka miguu yako ipate kazi ya kusimama."

Tuliishusha injini. Metali, vile vibati laini vinavyoshika mhimili wa injini, zilikuwa zimechanwa kama zimekunwa kwa kucha, lakini bloku lenyewe liling'aa kuliko sahani za harusi. Sikuelewa. Fundi akashika mpira wa upepo, akapuliza ndani ya vijitundu vinavyopitisha oili, na shuka nimelitandaza upande wa pili. Likatoka doa la kijivu. Mama akaweka kikombe chake cha chai chini, akaligusa, akalisugua kati ya vidole.

"Hili tope nalijua," akasema taratibu. "Ni la jaruba langu."

Ndipo ikajulikana. Ovahoo ile ilifanyiwa nyumbani kwake. Alipoona bloku chafu, mama aliwabebesha vijana mpaka kwenye mfereji wa kumwagilia mpunga, akalisugua mwenyewe kwa sabuni, kama anavyosugua sufuria za msiba. "Likang'aa! Watu walipita wakalisifu!"

"Mama," fundi akasema, "umepanda mpunga ndani ya injini. Ilibaki kuvuna tu."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Itapona?"

"Muulize daktari," fundi akasema, akaninyooshea kidole.

Nilitoa vizibo vyote, nikapitisha brashi ndefu, dizeli, upepo, tena brashi. Kila nilipodhani imetosha, fundi aligeuza shuka upande safi na kusema, "Tena." Krankshafti, ule mhimili, ilikwenda mjini kuchongwa na kupimwa. Nikapima kila ringi ndani ya silinda yake. Siku ya kufunga silinda hedi nilikaza boliti kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kisha mzunguko mwingine. Wakati huo mtu haruhusiwi kuzungumza. Mama alijiziba mdomo kwa mkono, na naamini hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko yangu.

Tukapakia Madibira. Dereva alikuwa mpwa wake, mama katikati, mimi dirishani. Kule Mafinga Fuso ilipanda vizuri, lakini hakuna aliyesifu. Tulipokaribia Ipogolo mama akaacha hata kutafuna karanga.

Vijana walikuwa pale. Walituona, wakainama, kila mmoja akainuka na jiwe lake.

"Mama, kamwene!" wakasalimia kwa Kihehe. "Leo sado ngapi?"

Dereva akapunguza gia. Niliweka kiganja kwenye dashibodi kama anayepima homa. Injini ikaguna, ikashusha sauti, ikashika. Kona ya kwanza. Vijana walitembea kando yetu, halafu wakakimbia, halafu wakabaki. Kwenye kioo niliwaona wamesimama katikati ya barabara, wamekumbatia mawe yao kama wageni walionyimwa viti.

Mama alitoa kichwa nje. "Wekeni hayo mkajengee nyumba!"

Sokoni wakati wa kushusha magunia, dereva akavuta kitu nyuma ya kiti. "Huu mkoba si wako?" Ulikuwa wangu, nguo zote zimekunjwa. Mimi sikuupanga.

Nikampigia fundi. "Mzee, imepanda."

"Najua. Mama alipiga simu akipiga kelele, sikuelewa neno ila nimeelewa."

"Kesho narudi. Ila nimekuta mkoba…"

"Wiki nzima umeuliza barabara ya Dodoma ikoje, kijana. Nenda kaione. Blanketi lako nimebaki nalo, huku kuna baridi."

Mama akanijazia mfuko wa mchele, akashuka na lori tupu kurudi Madibira. Baadaye nilisikia kwamba alisimama Ipogolo akawapa vijana sado yao, ya mwisho. Mimi nilisimama upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya Dodoma, mpaka lori moja likapunguza mwendo.

"Unatoka wapi?" nikamuuliza dereva.