Nilivyosaka driver ya modem ili mama asimsomee hitma kaka yangu aliye hai

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaoandika na nyie mnaochungulia tu kisha mnatoka kimya kimya.

Ninayoyaleta hapa yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, maana ilishakolea bila mimi. Na kabla hamjaanza kuniita mkuu, mimi ni dada, nafundisha Jiografia hapa Moro mjini, na hasira zangu ziko karibu. Nisomeni taratibu.

Kwetu ni Kinole, huko juu Uluguru, kwenye midalasini, pilipili manga na ndizi. Kaka yangu mkubwa, Shabani, alikuwa na kazi kiwandani hapa mjini. Viwanda vilipoanza kubinafsishwa na watu kupunguzwa, akahangaika na soko huria kama wenzake. Akauza mitumba, akauza machungwa, mwisho akashuka Afrika Kusini kufanya kazi za ujenzi.

Mke wake, wifi yangu Zena, akabaki Kinole kwa mama pamoja na watoto. Nasema wifi wa ndoa, siyo ya mtandao, nawajua nyie.

Sasa siku moja Shabani akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, taya likavunjika. Hospitali wakamfunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Anakunywa uji kwa mrija na haongei. Ukiacha hilo, mzima kabisa.

Aliyejitwika kazi ya kutuarifu ni rafiki yake, Mngoni mmoja wanaoishi naye chumba kimoja huko. Akapiga simu Kinole moja kwa moja kwa mama. Sikilizeni alivyoongea:

"Shikamoo mama. Shabani hajambo, anaendelea vizuri, wala msiwe na wasiwasi."

Mama hakuwa ameuliza kitu. Akajibu, "Marahaba. Mpe niongee naye."

"Hawezi kuongea kwa sasa, mama. Lakini hajambo."

Mnaona balaa hilo? Sisi hatutangazi msiba kwa simu. Tunasema mgonjwa anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi, wewe njoo tu nyumbani. Ukifika unakuta turubai limeshafungwa na watu wamekaa. Yule Mngoni alisema kweli tupu, ila aliisema kwa maneno ya kufichia msiba.

Mama akamrudishia Zena simu yake, akajifunga kanga kiunoni, akakaa chini barazani.

Mngoni akanipigia na mimi. Nikamhoji kama polisi mpaka nikaelewa ni taya na si kingine. Nikapiga Kinole, nikamwambia mama kaka mzima, ameumia taya tu.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Mungu akupe nguvu."

Yaani ananipa pole mimi!

Shabani mwenyewe akaandika meseji, Zena akamsomea. Mama akasema meseji hata Mngoni anaweza kuandika.

Basi nikajiona mjanja. Nikamwambia Shabani atume picha kwa email, nikaiprinti kwa rangi, nikampa ndugu mmoja aliyekuwa anapanda Kinole. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Kwenye ile picha Shabani amelala kitandani hospitali. Macho ameyafumba kwa sababu ya mwanga wa kamera. Na bandeji imepita chini ya kidevu, fundo likafungwa utosini.

Wakuu, maiti kwetu hufungwaje taya?

Picha ilipofika, Kinole ikawa kilio. Mjomba Kibwana, kaka yake mama, akashika usukani, maana kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli kwenye ukoo. Akatangaza hitma isomwe Ijumaa baada ya swala, na siku hiyo hiyo Zena aanze kukaa eda.

Jamani, eda! Mke wa mtu aliye hai akalishwe ndani kama mjane, na watoto waambiwe baba yao hayupo tena. Shabani akaniandikia, "Saida, fanya unaloweza, usikubali wamkalishe Zena eda." Niliisoma ile meseji machozi yananitoka, kisha hasira zikaja na nikajua pa kuzitumia.

Nikamwomba mama ashuke mjini, twende internet cafe amwone Shabani kwenye video, wakati ule ule, akiwa anapumua. Akakataa katakata. "Nikiondoka hapa, maiti ikija itapokelewa na nani?"

Basi ikabidi video imfuate yeye Kinole.

Laptop nilikuwa nayo, ya mtumba kutoka Ulaya, na fundi alishaniwekea Linux kwa sababu virusi vilikuwa vimenichosha. Modem ya USB ya kuleta mtandao nikaenda kununua. Mnakumbuka kipindi kile makampuni ya simu yalivyokuwa yanagombania wateja, kila kona vijana wa promosheni wenye fulana na spika. Wakanifungia modem kwa tabasamu na hakuna aliyeniuliza natumia nini.

Nikachomeka. Laptop ikaniambia umeweka CD.

Nikachomoa, nikachomeka tundu la pili. CD tena. Ndani yake kuna driver, yaani programu za kuiendesha, zote za Windows. Mtandao hakuna, hata dalili. Nikaigombeza ile modem kwa sauti kama naligombeza darasa zima la Form Two.

Nikarudi dukani. Muuzaji akanijibu bila hata kuinua macho, "Dada, toa hiyo kitu yako, weka Windows." Niliondoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha ualimu.

Ndipo nikaja hapa hapa jukwaani kwa simu na kufungua uzi kwa herufi kubwa, mkanicheka. Mmoja akasema modem ina majini. Mwingine akaniuliza kama nimeolewa, na jibu bado ni lile lile.

Lakini kuna mkuu mmoja, simtaji kwa sababu hapendi sifa, alinielewesha kwa utulivu. Modem hizi zinakuja na sura mbili, alisema. Kwanza inajifanya CD ili iipe Windows driver zake, kisha inageuka modem. Linux driver ya modem inayo tayari tumboni, ila inahitaji programu ya kuiamuru modem igeuke. Programu inaitwa usb-modeswitch.

Kwa hiyo muda wote nilikuwa natafuta kitu ambacho tayari ninacho. Nilifurahi na kukasirika kwa pamoja.

Kazi ikawa kuipata hiyo programu. Ili nipate mtandao nahitaji programu, na ili nipate programu nahitaji mtandao. Nikaenda internet cafe karibu na soko, nikashusha faili, nikaweka kwenye flash, nikarudi nyumbani mbio. Kufungua, laptop inasema inataka faili lingine kwanza.

Nikarudi. Nikashusha hilo lingine, kumbe nimechukua la mashine za 64-bit na yangu ni 32. Nikarudi tena. Dada wa pale akaniuliza, "Mwalimu, tukutandikie kitanda kabisa?"

Mara ya mwisho flash ikawa imeingia kirusi cha pale cafe, mafaili yote yamegeuka shortcut. Nikataka kukaa chini barabarani. Lakini Linux haikujali, ikanionyesha mafaili yangu yapo salama yalikofichwa.

Nikafungua terminal, nikanakili amri za yule mkuu herufi kwa herufi, nikabonyeza Enter.

Taa ya modem ikawa nyekundu, nyekundu, kisha buluu. Mtandao ukashika. Nilipiga kigelegele peke yangu sebuleni mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Ijumaa asubuhi nikaomba ruhusa shuleni, nikakodi pikipiki, begi la laptop kifuani, tukapanda mlima. Njia nzima nawaza kitu kimoja tu, kwamba niwahi kabla ya swala.

Sasa wakuu, hili sikulifikiria. Siku ya kazi, mwalimu wa mjini anaonekana anashuka kwenye pikipiki na begi, uso umemkauka kwa vumbi. Akina mama waliokuwa jikoni waliponiona tu, kilio kikaanza upya. Kufika kwangu kukawa ushahidi.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba, mpwa wangu. Pole na msiba."

"Hakuna msiba, mjomba. Kaka mzima."

"Ndiyo, mama. Kaa kwanza, unywe maji."

Sikukaa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wenye midalasini, kwa sababu ndipo simu zinaposhika. Modem nikaifunga kwenye ncha ya ufito kwa kipande cha kanga, waya mrefu ukashuka hadi kwenye laptop juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama akakubali kuja, kwa kuwa nyuma ya nyumba bado ni nyumbani.

Mtandao wa kule ni mwembamba mno, lakini ulishika. Shabani, ameshatoka hospitali, alikuwa anasubiri kwenye cafe huko aliko kama tulivyopanga kwa meseji, mwenzake Mngoni pembeni. Picha ikaja vipande vipande, mwishoni ikakaa. Shabani huyo, bandeji kidevuni, macho wazi.

Mama akaangalia, kisha akatikisa kichwa.

"Hii ni kaseti," akasema. "Hata ya harusi ya jirani yetu Asha tuliiona hivi hivi, na marehemu bibi yake anacheza ngoma mle ndani."

Mjomba Kibwana akaitikia kwa kichwa. Mtu haongei, picha inakatakata, nitathibitisha vipi kwamba si kaseti?

Mara Shabani akaanza kupinda shingo. Akaipinda upande, akaipinda zaidi, mpaka kichwa kikawa karibu kulala mezani. Mabega yanatikisika. Kwenye maandishi pale chini akaandika, "Mbona mama yuko kichwa chini miguu juu?"

Kumbe kamera ya laptop yangu! Baadaye mlikuja kunieleza humu kwamba kuna laptop ambazo kamera imefungwa kinyume tangu kiwandani, na driver ya Windows ndiyo huigeuza picha. Linux inaileta ilivyo. Mimi nilihangaika na modem tu, kamera sikuwahi hata kuijaribu.

"Huyo ana nini shingoni?" mama akauliza.

"Anakutazama wewe, mama. Huko kwake unaonekana umepinduliwa."

Mama akasogea kushoto, na kile kichwa kilichopinda kikamfuata. Akasogea kulia, kikamfuata tena. Akainama karibu kabisa na kioo.

"We Shabani! Kama ni wewe, shika masikio!"

Shabani akashika masikio yote mawili na kuyavuta chini, kama mama alivyokuwa akimwadhibu enzi akitoroka madrasa. Akabaki ameyashika, mabega yanatikisika, maana kucheka kwa mdomo hawezi.

"Kaseti haishiki masikio," mjomba akasema.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Zena alipita katikati ya watu akapiga magoti mbele ya kinu. Wakabaki wanatazamana, huyu amefungwa waya na huyu amefungwa na kilio, na hakuna aliyemharakisha.

Mama naye akapata nafuu kwa njia yake. Akaanza kugomba. "Unaangukaje juu ya jengo, macho uliyaweka wapi? Na huyo Mngoni wako hana adabu ya kutoa habari?" Mngoni nyuma akainamisha kichwa kama mkosaji. Mama aligomba mpaka betri ikakata, na hata kioo kilipozima aliendelea kidogo.

Mimi nilikaa kwenye majani, nikalia kwa raha. Sikumbuki kama nimewahi kulia hivyo.

Chakula cha hitma kilikuwa kimeshaiva. Mjomba akaongea na shehe, na baada ya swala ikasomwa dua ya shukrani, tukala. Waliokuja kulia walikula kuliko wote. Zena alipakua kwa mikono yake mwenyewe, akiwa amevaa gauni lake la Idi.

Nilichojifunza? Kwa upande wa Linux, kabla hujasaka driver angalia kwanza kama kifaa hakijajificha kwenye sura nyingine, na shusha mafaili yote yanayotegemeana kwa mkupuo mmoja. Kwa upande wa binadamu, mtu akivunjika taya sema amevunjika taya. Tusipake habari asali mpaka ikaua mtu mzima.

Yule mkuu wa usb-modeswitch, popote ulipo, kuna mwanamke Kinole hakukaa eda kwa sababu yako. Nilikuwa sijakwambia.

Shabani alishafunguliwa waya. Siku aliyopiga simu kwa sauti yake, mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Sauti nimeisikia. Sasa niwekee sura."

Ile kamera bado inapindua. Mwenye dawa yake aiweke hapa chini, nitaisoma na kuitunza. Ila nikiri sitaitumia upesi, maana kila tukipiga, kaka yangu anapinda shingo kumtafuta mama, na mama hataki kuanza maongezi kabla hajaiona shingo hiyo ikipinda.

Karibuni mchangie. Na nyie mliosema modem ina majini, nawasubiri.