Swali la Samaki Aliloulizwa Salaseini

Tangu mke wangu Makereta afariki, tulibaki wawili nyumbani, mimi na binti yetu Salaseini. Hoteli ya pwani yetu ilitaka mtu wa kutandika vitanda. Akiikosa kazi ile, angeondoka Fiji kwenda Australia kuchuma zabibu, nami ningebaki peke yangu.

Siku ya usaili nilimsubiri nje, chini ya dirisha la ofisi. Nilisikia kila neno.

"Kama ungekuwa samaki," meneja mgeni akauliza, "ungekuwa samaki gani?"

Kwetu kila ukoo una samaki wake. Msichana hamtaji wake mbele ya wanaume, ni matusi. Akimtaja wa ukoo mwingine, amejifanya mtoto wa watu wengine. Moyoni nikasema, taja yeyote, mama, usiniache.

"Ni swali la mchezo tu, dada. Au hujawahi kumwona samaki?" Meneja akacheka.

"Nimewaona, bwana. Niulize kuhusu shuka na mito."

"Shuka baadaye. Samaki kwanza."

"Basi samaki sina."

Alitoka taratibu. "Baba, ningemtaja jodari wa ukoo mwingine?"

"Mama yako angekuchapa," nikamwambia.

"Na wewe angekuchapa, kwa kutega sikio dirishani."

Tulicheka kidogo, tukarudi nyumbani. Kazi alipewa msichana aliyesema angekuwa papa. Salaseini yuko Australia sasa. Jioni napika muhogo, na bado sijazoea kupika wa mtu mmoja.