Ukuta wa Chumba cha Mama

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyetuuzia bima ya nyumba. Anafanya kazi kwenye kampuni moja kule mtaa wa Asiatique, na alituhakikishia kwamba bomba likipasuka, hata kuvu inayoletwa na maji hayo italipiwa. Hatukuuliza mengi, maana ni mtu wa kwetu.

Bomba likapasuka kweli, ndani ya ukuta wa chumba cha mama. Fundi aliliziba, lakini ukuta haukukauka, na kuvu nyeusi ikapanda mpaka juu ya kitanda. Mama ana pumu na hana chumba kingine. Shemeji alikuja, akaugusa ukuta, akajifuta vidole kwa kitambaa chake, akasema atamleta mkaguzi Ijumaa baada ya swala.

Hapo ndipo tulipoharibu. Kwa mama, mkaguzi ni mgeni, na mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Niliporudi kutoka msikitini nilikuta ukuta umesuguliwa kwa sabuni na kupakwa chokaa, udi unafuka, sambusa ziko mezani. Picha hatukuwa nazo. Nani anapiga picha aibu ya nyumba yake?

Mkaguzi alikula, akashukuru, akautazama ukuta mweupe na kuuliza kuvu iko wapi. Nikamwambia amuulize shemeji aliyekuja naye, yeye aliiona kwa macho yake. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Apana, patron," shemeji alimwambia mkaguzi, kama mtu anayemjibu mkubwa wake. "Mi sikuona kitu. Ukuta ilikuwa tu hivi."

 Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini. Akanieleza, bila haya, kwamba jamaa aliowauzia bima wameshadai mno na bosi ameanza kumtilia shaka. Yeye akaokoa kazi yake. Kifua cha mama shauri yake mwenyewe. Sijawahi kuumizwa hivyo na mtu niliyekula naye sahani moja.

Bima haikulipa. Kuvu ilitoboa chokaa, ikavuka hadi upande wa sebuleni, na mama akawa analala ameketi ili apate pumzi.

Siku ya Idi shemeji alikuja na dada, amevaa kanzu mpya nyeupe. Nilitaka kumfukuza, mama akanikataza. Alitandika mkeka, akaweka mto kwenye ukuta uleule.

"Kaa hapa, mwanangu," alimwambia. "Leo sikupaka kitu."