Rangi Mbili Zisizomezwa

Miaka ya tisini nilikuwa mtoa dawa katika hospitali moja ya Mpanda. Nilikaa Majengo na kila asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu. Kazi yangu ilikuwa ya dirishani: kupokea cheti, kutoa dawa, kueleza namna ya kuitumia. Kuna dawa moja niliyoieleza vibaya, na hasira yangu inaanzia kwangu mwenyewe kabla ya kuwafikia wengine.

Tulikuwa tumeletewa katoni ya msaada, dawa ya pumu. Ndani mlikuwa na vifaa vidogo vya plastiki vyenye mdomo mwembamba, pamoja na kapsuli zilizojaa unga laini. Kapsuli unaiweka ndani ya kifaa, unakizungusha mpaka ipasuke, halafu unavuta pumzi kwa nguvu ili unga uende moja kwa moja kwenye mapafu. Maelezo yalikuwa karatasi moja ya Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Daktari wetu aliipitisha macho, akatueleza juu juu namna ya kuitumia, akaturudishia.

"Wapeni," akasema. "Wataelewa."

Wa kwanza kupewa alikuwa mama mmoja kutoka kwenye makazi ya Warundi, mkulima wa tumbaku. Kila msimu wa kukausha majani kifua chake kilibana. Siku hiyo foleni ilifika nje ya mlango, nami nilimweleza kwa haraka, mkono mmoja tayari umeshika cheti cha mwingine. Aliitikia kila nilichosema. Niliridhika kwamba ameelewa.

Baada ya wiki tatu mume wake alimleta kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amemfunga kwa khanga asianguke. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alichomwa sindano, akapata nafuu taratibu. Daktari akaandika kwenye jalada kwamba mgonjwa hafuati maelekezo, akayasoma kwa sauti mbele yake na mbele ya mume wake. Mama yule akainamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa na kosa.

Kesho yake nilikaa pembeni ya kitanda chake, nikamwomba anionyeshe anavyoitumia ile dawa. Akafungua fundo la khanga, akatoa kifaa. Kilikuwa safi, hakijaguswa na unga hata kidogo.

"Vidonge viko wapi, mama?"

"Nilivimeza, muganga. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Sikuruka hata siku moja."

"Na hiki?"

"Nilidhani ni filimbi. Nikizidiwa nipulize, watu waje." Akakigeuza mkononi. "Nilipozidiwa nilipuliza. Hakikulia."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko la hospitali. Mpanda nzima kapsuli huitwa rangi mbili, na rangi mbili humezwa. Tangu utoto tumemeza rangi mbili za vidonda na za homa. Aliyebuni kifaa kile alichukua umbo ambalo dunia nzima imefundishwa kulimeza, akatia ndani dawa ya kuvutwa, akatuma huku karatasi ya Kiingereza. Na aliyeandikiwa kosa ni yule mama.

Nikamfundisha upya, polepole. Wakati huo masika yalikuwa yameanza. Nilipasua kapsuli moja kiganjani nikaona unga umeshikana mabonge kama sukari iliyolala kwenye unyevu. Alipovuta, nusu ilibaki ndani ya kifaa. Nikaanza kuandika kwenye daftari kila nilichokiona: unga uliobaki, hali ya hewa, mgonjwa alivyokuwa. Daktari aliniambia napoteza muda. Hata hivyo barua niliyowaandikia wafadhili walioleta dawa ile aliigonga muhuri, nadhani ili nimwache apumzike.

Mtaalamu wao akaja kwa treni kutoka Tabora, pamoja na mkalimani. Alikuwa mmoja wa wabunifu wenyewe, mtu mpole, shati limelowa jasho. Alisema kifaa kimepimwa vizuri sana huko kwao.

"Huko mlikopima kulikuwa na masika?" nikauliza. Mkalimani alisita. Nikamwambia aitafsiri kama ilivyo.

Yule mama alikuwa amekuja kliniki siku hiyo, kifua kinapiga miluzi. Akavuta mbele yetu. Mgeni akafungua kifaa, akaona unga uliobaki, akatikisa kichwa.

"Mwambieni avute kwa nguvu zaidi."

Mama hakungoja mkalimani amalize. "Ningekuwa na nguvu ya kuvuta hivyo," alisema, akikata maneno kila anapotafuta pumzi, "hapa hospitali ningekuja kufanya nini?"

Mgeni akaomba daftari langu, akanakili kurasa zote hadi saa ya chakula ikapita. Nilimheshimu kwa hilo.

Hatukumngoja. Tulianza kumpa mama dawa ya kupuliza ya kopo, aivutie kupitia chupa ya maji tuliyoitoboa kitako. Anabonyeza kopo mara moja, dawa inaingia ndani ya chupa, halafu anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa na kupumua kawaida tu, bila kulazimisha kifua. Msimu uliofuata mume wake alikubali kuacha tumbaku, wakalima mahindi na karanga. Mama akawa anakuja kliniki kwa miguu yake, na mara moja aliniletea karanga mbichi kwenye kikapu.

Mwaka ulipopita ikaja katoni nyingine. Safari hii kila kapsuli ilikuwa imefungwa peke yake kwenye karatasi ya alumini isiyopitisha unyevu, na juu kulikuwa na picha ya mtu anayemeza, imepigwa msalaba mwekundu. Nilifurahi, siwezi kukataa. Chini ya katoni kulikuwa na nakala ya ripoti yao. Nilimwomba mwalimu mmoja wa sekondari anisomee. Ilisema mabadiliko yale yametokana na utafiti wa wataalamu wao, na kwamba wagonjwa wa vijijini wanahitaji kuelimishwa zaidi. Mama yule hakutajwa, hata kama mgonjwa mmoja wa Mpanda.

Nikachukua kalamu nikawajibu kwa Kiswahili, watafute wenyewe wa kuwatafsiria. Niliandika kwamba waliohitaji kuelimishwa mlikuwa nyie, na aliyewaelimisha ni mkulima wa tumbaku asiyejua kusoma, akiwa hana pumzi ya kumaliza sentensi. Nikaipeleka posta mwenyewe. Hawakujibu.